Chupa au kegi: kufungasha bia ya kutengeneza nyumbani, na kujua umekunywa kiasi gani

"Baba Neema, hilo dumu lako linavuja?"

Mke wangu aliniuliza hivyo jioni moja ya Novemba, kasimama mbele ya friji ndogo tuliyoiweka stoo. Kegi yangu ya kwanza, dumu la chuma la lita 19 lenye bomba, ilikuwa imekoroma na kutema povu tupu. Nikamwambia halivuji. "Basi bia inakwenda wapi?" Nikahesabu siku kwa vidole. Zilikuwa 18.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa chupa. Mpiko mmoja wa lita 19 ulinipa chupa 38 za nusu lita, nikazipanga kwenye kreti chini ya ngazi, na kreti hizo zilinifikisha karibu miezi miwili. Bia ileile, mnywaji yuleyule, nyumba ileile hapa Leeds. Kilichobadilika ni chombo. Na katika siku hizo 18 sikulewa hata jioni moja, jambo ambalo ndilo lililonishtua zaidi.

Wanaoniuliza "chupa au kegi?" huwa wanataka kujua gharama, usumbufu na ladha. Yote hayo nitayaeleza hatua kwa hatua. Ila tofauti iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba chupa inajihesabu yenyewe, kegi haihesabu kitu. Ukichukua kegi, umechukua na kazi ya kuhesabu.

Nilikulia Marangu, Kilimanjaro, na kwa bibi yangu swali la kufungasha halikuwepo. Mbege ya ndizi na ulezi, yenye uchungu wa gome la msesewe, huiva leo ikanywewa leo na kesho. Ikichelewa inageuka siki. Kata inazunguka, kila mtu anaona inavyopungua, ikiisha watu wanaagana. Bia ya shayiri yenye hopsi, yale maua yanayoipa uchungu, inakaa miezi. Maana yake una akiba kubwa ndani ya nyumba, na mgawaji ni wewe peke yako.

Neno moja kuhusu sheria. Hapa Uingereza leseni ya kutengeneza bia ya kunywa mwenyewe iliondolewa mwaka 1963. Unachokatazwa ni kuuza. Marekani ngazi ya shirikisho iliruhusu kwa sheria ya mwaka 1978, galoni 100 kwa mwaka kwa mtu mzima mmoja, 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi. Nyumbani Afrika Mashariki mambo ni tofauti: Kenya, kwa mfano, sheria ya vileo ya mwaka 2010 inadai leseni kwa anayetengeneza. Uliza kwanza unapoishi. Na kama hunywi, hakuna humu sababu ya kuanza.

Usifungashe kabla bia haijamaliza kuchacha

Hatua hii ni ya wote, wa chupa na wa kegi, na ndiyo inayorukwa na wenye haraka.

Hamira inakula sukari ya kimea na kutoa vitu viwili, kilevi na hewa ukaa. Ukiifungia bia ndani ya chupa ikiwa bado ina sukari nyingi, hewa itaendelea kuzaliwa bila pa kutokea. Mapovu kwenye kifaa cha kutolea hewa juu ya ndoo hayatoshi kukuambia imemaliza. Yanaweza kukoma kwa sababu ya baridi tu, au kwa sababu kifuniko kinapitisha hewa pembeni.

Tumia haidromita, kipimo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki. Chukua sampuli, iache ifikie nyuzi 20, soma. Rudia baada ya siku mbili, na tena baada ya siku mbili nyingine. Namba tatu zikilingana, imemaliza. Bia iliyoanza 1.050 mara nyingi huishia karibu na 1.012. Ikisimama 1.022 siku ya tano, mashaka yawe mengi: pasha chumba moto kidogo, tikisa ndoo taratibu hamira iinuke kutoka chini, subiri.

Hapo hapo piga hesabu ya kilevi na uiandike mahali, maana tutaihitaji. Toa namba ya mwisho kwenye namba ya mwanzo, zidisha kwa 131.25. Hivyo 1.050 toa 1.012 ni 0.038, mara 131.25 unapata takriban 5, yaani asilimia 5. Bia isiyojulikana asilimia yake haina tofauti na dawa isiyo na lebo.

Mimi niliwahi kuiruka hatua hii. Mwaka wangu wa kwanza, siku ya tisa, mapovu yametulia, nikajaza chupa zote jioni moja nikazipeleka chini ya ngazi. Usiku wa tatu baadaye tulisikia mlio kama bati limepigwa jiwe, kisha wa pili. Nilipofungua kile kimlango, shingo ya chupa ilikuwa imechoma ubao wa ngazi na bia inatiririka hadi kwenye zulia la korido. Asubuhi nilivaa koti zito, glavu na miwani ya kazi, nikafungua zilizobaki moja moja nikiwa nimezifunika taulo. Ukijikuta hapo, fanya hivyohivyo, na usimruhusu mtoto kusogea. Chupa ya kioo yenye presha kubwa ni bomu, sisemi kwa mzaha.

Njia ya chupa

Unahitaji chupa za bia, vizibo vipya, mashine ya mkono ya kubana vizibo, ndoo ya pili yenye bomba chini, mpira wa kuhamishia, na mrija wa kujazia wenye valvu ya springi kwenye ncha. Chupa unaweza kuzipata bure. Waombe marafiki wakuwekee, ilimradi wasuuze punde wanapomaliza. Mashapo yaliyokauka chini ya chupa yatakula jioni yako nzima. Chagua za kahawia, kwa kuwa mwanga huiharibu bia yenye hopsi na kuipa harufu kali ya kicheche. Chupa za mvinyo wa kawaida na za juisi usiziguse, kioo chake hakikuumbwa kubeba presha. Zenye kizibo cha kuzungusha nazo ziache.

Kama ni mara yako ya kwanza, anza na chupa za plastiki za soda. Hazina heshima mezani, nakubali, lakini ukizibonyeza unajua hewa imefikia wapi, na zikizidiwa zinavimba badala ya kurusha vigae.

Usafi ni mambo mawili, watu wanayachanganya. Kwanza unaosha uchafu unaoonekana kwa maji moto na brashi. Pili unaua vijidudu kwa dawa. Dawa za asidi zisizohitaji kusuuzwa, kama Star San, ndizo rahisi: takriban mililita 1.5 kwa lita ya maji, chupa iguswe kote ndani, imiminwe, ipinduliwe. Povu litakalobaki halidhuru. Kwenye chupa yenye uchafu vijidudu havifi hata uitie dawa pipa zima.

Sasa sukari. Bia yako kwa sasa imepooza. Unaipa hamira iliyobakia sukari kidogo iliyopimwa, nayo itatengeneza hewa ndani ya chupa iliyofungwa. Kwa bia za kawaida, gramu 6 za sukari ya mezani kwa kila lita zinatosha, yaani gramu 114 kwa lita 19. Pima kwa mizani, vijiko vinadanganya. Na pima bia uliyonayo kweli, siyo uliyopanga kupata: ukiacha mashapo chini ya ndoo, mara nyingi zinabaki lita 17 au 18, na sukari ya lita 19 itakuwa imezidi.

Chemsha sukari hiyo kwenye kikombe cha maji dakika tano, iache ipoe, imimine kwenye ndoo ya pili. Kisha hamishia bia juu yake kwa mpira. Namna ni ileile ya dereva anayenyonya mafuta kwenye tangi, isipokuwa hapa mdomo hauruhusiwi; jaza mpira maji safi kwanza, shusha ncha moja chini, bia itafuata. Ncha ya kutolea izame hadi kitako cha ndoo ili bia izunguke polepole bila kurukaruka. Bia inayorukaruka inabeba oksijeni, na baada ya mwezi utaonja boksi lililolowa. Koroga taratibu mara moja kwa kijiko kilichotiwa dawa. Mtu asiyekoroga anapata chupa kumi zilizopooza na kumi zinazofoka.

Jaza kila chupa hadi juu kabisa huku mrija ukiwa ndani. Ukiutoa, nafasi inayobaki ni sawasawa na inayotakiwa, sentimita mbili au tatu. Weka kizibo, bana, igeuze chupa kidogo uone kama inavuja. Kazi nzima kwa chupa 38 hunichukua saa mbili na nusu nikiwa peke yangu, saa moja na nusu akiwepo wa kubana. Kama mashine ya kufulia iko jirani, utaona faida ya kufanya kazi hii juu ya taulo kuukuu.

Ziweke gizani, nyuzi 18 hadi 22, wiki mbili. Siku ya kumi ingiza moja kwenye friji, kesho yake ifungue. Ikiwa imekosa hewa, zote zinahitaji muda, si sukari zaidi. Wakati wa kunywa, mimina kwa mkono mmoja bila kusita na uache kidole kimoja cha mashapo chini.

Njia ya kegi

Kwa msomaji wa Kenya neno hili linaleta picha ya Senator, bia ya bei nafuu inayouzwa kwa bomba tangu 2004. Hapa nazungumzia kitu kidogo zaidi: silinda nyembamba ya chuma kisichoshika kutu, lita 19, inayofika juu kidogo ya goti. Zilizaliwa kubeba soda. Pepsi walikuwa na aina yao ya viunganishi, Coca-Cola yao, na mpaka leo hizo aina mbili haziingiliani. Kabla ya kununua kegi ya mtumba, angalia kiunganishi kabla ya bei.

Juu yake kuna kifuniko cha umbo la yai chenye valvu ya kutolea presha, na vichwa viwili. Kimoja kinaingiza gesi, mrija wake mfupi. Kingine kinatoa bia, mrija wake unafika chini kabisa. Vikichanganywa, gesi inaingia kwa chini na bia inaweza kurudi hadi kwenye regyuleta, kifaa kinachopunguza presha ya gesi kabla haijaingia kwenye kegi. Funga utepe wa rangi kwenye kichwa cha gesi uepuke balaa.

Mtungi wa hewa ukaa ndio unaopaswa kuheshimiwa. Ukijaa, kwenye chumba cha nyuzi 20, ndani yake kuna presha ya bar 57 hivi, wakati bia yako inahitaji chini ya bar moja. Kwa hiyo usiunganishe kitu chochote na mtungi bila regyuleta, hata kwa kujaribu. Usimame wima, ufungwe kwenye ukuta au kwenye friji kwa mkanda. Gesi hii haiwaki, lakini ni nzito kuliko hewa na inakaa chini. Ikivuja kwenye chumba kidogo kilichofungwa inaua kimyakimya. Stoo yetu ina dirisha, na ndiyo sababu friji iko stoo.

Siku ya kujaza, ioshe kegi, itie dawa, na ipitishe dawa hiyo mpaka kwenye mrija wa bia kwa kuisukuma na gesi. Klorini usiitumie, inakula chuma hicho. Kegi ikiwa tupu na imefungwa, ingiza gesi kidogo, vuta valvu itoke, rudia mara kadhaa ili hewa ya kawaida ipungue. Kisha jaza bia kwa mpira unaofika chini. Hapa hakuna sukari, hakuna vizibo, hakuna kuhesabu chupa. Dakika 40 umemaliza, na hapo ndipo mtu anapopenda kegi kwa moyo wote.

Funga kifuniko, ingiza presha ya bar 2 kwa sekunde chache ili raba ikae mahali pake, halafu ishushe. Sasa pima uvujaji. Ni kama nyumbani tunavyopima mtungi wa gesi ya kupikia: sabuni ya maji kwenye sponji, paka kila kiungio, kifuniko chote, vichwa vyote viwili, shingo ya regyuleta. Povu likichipua, kaza au badilisha raba. Mtungi wangu wa kwanza uliisha usiku mmoja kwa raba ndogo kuliko pete ya ndoa, na muuzaji wa kegi ile ya mtumba alikuwa ameniapia kwamba raba zote ni mpya. Badilisha zote siku unayoinunua, ni bei ya kikombe cha kahawa.

Kuiingizia bia hewa kuna njia mbili. Ya wavumilivu: friji kwenye nyuzi 4, regyuleta kati ya bar 0.7 na 0.8, acha wiki moja na nusu. Haiwezi kuzidi. Ya wenye haraka: bar 2 kwa saa 24 hadi 36, zima, toa presha, rudisha 0.7, onja. Ukisahau siku tatu utakuwa na kegi ya povu, na kuitoa hiyo hewa ni kazi ya kuvuta valvu kutwa nzima.

Malalamiko makubwa ya wageni wa kegi ni povu. Sababu mara nyingi ni mpira mfupi wa kutolea bia. Uwe mwembamba, milimita 5 hivi kwa ndani, na mrefu karibu mita 3, uuzungushe juu ya kegi ndani ya friji. Sababu ya pili ni mkono: mtu anafungua bomba nusu kwa woga, bia inabanwa mlangoni na kuchafuka. Fungua bomba lote kwa mara moja. Glasi ya kwanza ya siku itakuwa na povu hata hivyo, bomba likiwa la joto. Mashapo yote yatatoka kwenye glasi moja au mbili za mwanzo za kegi mpya, kisha bia inatoka angavu hadi mwisho.

Kuhesabu

Sasa turudi kwenye zile siku 18.

Uingereza hupima kilevi kwa uniti, moja ikiwa ni mililita 10 za kilevi kitupu, gramu 8. Tangu 2016 ushauri wa madaktari wakuu wa nchi ni usizidi uniti 14 kwa wiki, mwanamume na mwanamke sawa, na kama unafikia hizo usizinywe kwa siku moja au mbili bali uzitawanye kwa siku tatu au zaidi. Hilo si lengo la kufikia. Shirika la Afya Duniani, ofisi ya Ulaya, lilisema wazi Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya, na kilevi kimo kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1988. Uniti 14 ni dari, na chini yake hatari inapungua, haiishi.

Hesabu yake ni nyepesi ajabu: lita mara asilimia. Lita moja ya bia ya asilimia 5 ni uniti 5. Chupa ya nusu lita ni 2.5. Chupa ya mililita 330 ni 1.65. Painti ya hapa, mililita 568, ni 2.84. Kegi yangu ya lita 19 ilikuwa na uniti 95, na mimi nimezimaliza kwa siku 18, wastani wa uniti 37 kwa wiki. Wakati wa chupa nilikuwa kwenye 12.

Nini kilitokea? Chupa inakuuliza swali. Unaichukua chini ya ngazi, unaipoza, unaifungua, na ikiisha unatazama kizibo mezani. Kuifungua ya pili ni uamuzi. Bomba halina mwisho. Nilikuwa nikipita kuchukua maziwa ya mtoto nachota robo glasi "kuonja imefikia wapi." Nikipika nachota nusu. Glasi haijaisha naongezea, kwa hiyo jioni nzima nimekunywa "glasi moja." Ni kama kuwa na umeme usio na LUKU, ile mita ya kulipia kabla: kila taa inawaka mpaka bili inapofika, na bili hii haiji kwenye karatasi.

Dawa niliyoipata ni kuifungia kegi mita yake. Mizani ya bafuni. Kegi tupu ina uzito wa kilo 4 hivi. Pima yako uandike. Kila Jumatatu asubuhi nachomoa viunganishi, naiweka juu ya mizani, naandika namba kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji. Kilo moja ya bia ni karibu lita moja. Jumatatu ya kwanza kilo 22.6, ya pili 19.7: zimeondoka lita 2.9, mara 5 ni uniti 14.5. Hapo najua kwamba wiki hiyo nimevuka dari kidogo, hata kama kumbukumbu yangu inaapa nilikunywa mara tatu tu. Wageni wakija, wanaandika glasi zao kwa vijiti kama madukani kwetu zamani, ninazitoa.

Vitu vingine vinavyosaidia, kwa uzoefu wangu. Glasi ziwe ndogo, mililita 284, na sheria ya nyumba iwe kutoongeza kabla haijaisha. Bomba liwe na kufuli. Zinauzwa, na kwa nyumba yenye watoto hilo halina mjadala. Zima gesi na uchomoe kiunganishi cha bia siku ulizopanga kutokunywa, maana kule kuinama kukichomeka tena ni swali lilelile ambalo chupa ilikuwa ikiuliza.

Na pika bia nyepesi. Watengenezaji wa nyumbani tuna ugonjwa wa kushindana kwa asilimia, mtu anajigamba ana bia ya 8. Anza na 1.036 uishie 1.009, unapata asilimia 3.5, na nusu lita yake ni uniti 1.75. Ukiinua kidogo joto la kuloweka kimea, nyuzi 68 badala ya 65, inabaki nzito mdomoni wala humkosei heshima mgeni. Kwenye kegi sasa sipiki kitu kingine.

Kuna watu ambao hesabu hii haiwahusu kwa sababu jibu lao ni sifuri: mjamzito, anayeshika usukani usiku huo, aliyepewa dawa kama metronidazo. Kuhusu usukani, England mpaka ni miligramu 80 kwa mililita 100 za damu, Scotland 50 tangu Desemba 2014, na hakuna hesabu ya glasi itakayokuambia uko wapi. Na kama unakunywa sana kila siku, mikono inatetemeka asubuhi mpaka upate kidogo, usiache ghafla peke yako. Kuacha kwa namna hiyo kunaweza kuleta degedege. Nenda kwa daktari akupunguze kwa mpango, na kegi impe mtu.

Basi uchukue ipi?

Kama unapika mara tatu nne kwa mwaka, unapenda kupeleka bia msibani au kwenye kipaimara, na nyumba ni ndogo, chukua chupa. Bia nzito, ile ya kukaa mwaka, nayo ni ya chupa. Hiyo ifungwe kwenye za mililita 330, kamwe si kwenye bomba. Kama unapika kila mwezi, mgongo umechoka kuosha, na unaujua mkono wako, chukua kegi, pamoja na mizani siku hiyohiyo. Kama hujui mkono wako ukoje, kaa na chupa mwaka mmoja uangalie vizibo.

Mimi nimeishia katikati. Nina kegi ya lita 9.5 kwa ajili ya bia nyepesi, na nusu nyingine ya mpiko naijaza chupani kwa sukari, gramu 3 kwa kila nusu lita. Rafiki akialikwa mahali, najaza chupa ya plastiki moja kwa moja kutoka bombani: ipoze kwanza kwenye friji, shusha presha mpaka iwe kidogo sana, vika bomba kipande cha mpira kinachofika chini ya chupa, jaza polepole, ibonyeze mpaka povu lifike mdomoni, funga. Inafaa kunywewa ndani ya siku chache.

Kegi ikiisha siijazi nyingine wiki hiyo. Naacha wiki mbili bila bia ya bomba, na kazi ipo ya kufanya: fungua kegi baada ya kutoa presha yote, osha, ng'oa vichwa kwa spana uone raba, pitisha maji moto yenye sabuni ya mipira ya bia kisha maji matupu mpaka yasiteleze, ning'iniza mpira ukauke. Friji ukiizima, egemeza mlango kwa kipande cha ubao ubaki wazi, isiote ukungu.